Tupu kwa Nani?

Swali hunijia kwa sura nyingi, lakini mifupa yake ni ileile. Safari hii lilinikuta barazani kwa jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza vitumbua. Nilipomwamkia aliitikia "Marahaba mwanangu," kisha akanivuta karibu.

"Wewe si ndiye unayesomesha mambo ya atomu? Eti ni kweli ndani ya atomu pako tupu, hamna kitu?"

Nikamjibu kwamba kwa namna fulani ni kweli. Nilijua nimekosea hata kabla sijafunga mdomo. Akachomoa kidani kutoka ndani ya kanga, cheusi, cha mviringo, kizito kuliko umbo lake. "Basi yule kijana hakunidanganya."

Kijana mwenyewe sikumkuta, ila maneno yake ninayajua kwa moyo, kwa sababu yanatumwa kwenye simu za watu kila uchao. Wanasayansi wamethibitisha kwamba atomu ni nafasi tupu kwa asilimia 99.9 na tisa nyingine nyingi. Kwa hiyo mwili wako si kitu kigumu, ni nishati. Nishati hiyo huvurugwa na minara ya simu, vyakula vya viwandani na mawazo ya madeni, hadi elektroni zako zinatoka kwenye njia zake. Kidani hiki cha mawe ya volkano hutoa ayoni hasi zinazozirudisha elektroni kwenye mstari. Shilingi laki moja na nusu. Ukileta mtu mwingine, unapunguziwa.

Nimeulizwa jambo hili msibani, kwenye daladala, na mara moja nikiwa chali kwa daktari wa meno na pamba mdomoni. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitampa ukurasa huu.

Kauli ya utupu ina chimbuko linalojulikana, na chimbuko hilo ni heshima tupu. Wagiriki na Dalton tuwaache, vitabu vya shule vimewatosheleza. Twende Manchester, Uingereza, mwaka 1909, kwenye maabara ya Ernest Rutherford, mwana wa New Zealand ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepewa tuzo ya Nobel ya kemia. Msaidizi wake Mjerumani, Hans Geiger, alikuwa akizirusha chembe za alfa, zile nzito zinazotoka kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye majani membamba ya metali ili kupima zinavyopinda. Kulikuwa na mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden, aliyehitaji kazi ya kujifunzia. Wakampa ile ambayo hakuna aliyetarajia ingezaa kitu: aangalie kama kuna chembe yoyote inayorudi nyuma.

Kazi ilikuwa ya kuchosha macho. Unakaa gizani mpaka macho yazoee, unainama kwenye hadubini iliyoelekezwa kwenye kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki, na kila chembe ya alfa inapogonga kioo hicho unaona kimulimuli kidogo kinawaka na kuzimika. Unahesabu. Kesho yake unahesabu tena. Kufikia makala yao ya 1913, Geiger na Marsden walikuwa wamehesabu vimulimuli zaidi ya 100,000, bila kompyuta na bila kamera. Nikisikia mtu anasema "sayansi imethibitisha" huku akitembeza kidole kwenye simu, huwakumbuka vijana hawa wawili wakiwa wameinama gizani.

Walichokipata ni kwamba, kwenye bamba la platini, takriban chembe 1 katika 8,000 ilirudi upande ilikotoka. Baadaye kwenye jani la dhahabu lenye unene wa takriban sentimita 0.00004, yaani zaidi ya atomu 1,000 zikiwa zimepangana, kama 1 katika 20,000 iligeuzwa kwa wastani wa nyuzi 90. Zilizobaki zilipita karibu moja kwa moja. Rutherford alikuja kusimulia mshangao wake kwa mfano wa kombora la mzinga linalogonga karatasi laini kisha likamrudia mpigaji.

Kilichomshangaza ni zile zilizorudi. Wauzaji wa vidani wameshika zile zilizopita, na hapo ndipo walipoharibu.

Kabla ya hapo picha iliyotawala ilikuwa ya J. J. Thomson wa Cambridge, aliyeigundua elektroni mwaka 1897 kwa kuipindisha mionzi ya kathodi na kukuta chembe nyepesi mno kuliko atomu ya hidrojeni, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Katika kielelezo chake cha 1904 atomu ilikuwa tufe la chaji chanya lililoenea sawasawa, na ndani yake elektroni zikizunguka kwa pete. (Vitabu huiita keki yenye zabibu kavu, na elektroni wanazichora zimekwama kama zabibu. Jina hilo Thomson hakulitoa yeye, na elektroni zake hazikukwama.) Tufe la namna hiyo lingeweza kuisukuma chembe ya alfa kidogo tu, huku au kule. Kuirudisha nyuma, haliwezi. Rutherford alikaa na fumbo hilo zaidi ya mwaka, akapiga hesabu, na Mei 1911 akatoa jibu: chaji ya upande mmoja imekusanyika pamoja na karibu uzito wote katika kitovu kidogo sana. Chembe inayokaribia kitovu hicho uso kwa uso hutupwa nyuma.

Sasa naomba usome polepole, kwa maana hapa ndipo mimi hupoteza uvumilivu. Makala ile ya 1911 inasomeka, na ukiisoma unakuta mambo ambayo hayamo kwenye picha ya kitabu chako cha shule. Rutherford hakudai kwa uhakika kwamba chaji ya kitovu ni chanya. Alisema hesabu zake zinakwenda sawa hata ikiwa hasi. Sayari hakuchora. Kwa kupita tu alimtaja Hantaro Nagaoka wa Japani, ambaye mwaka 1904 alikuwa amewaza atomu yenye pete kama za Zohali. Suala la kwamba atomu yake itasimamaje bila kuporomoka aliliweka kando, akasema si wakati wake. Na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba, katika hesabu zenyewe, eneo linalokizunguka kitovu hakuliacha tupu. Alilijaza. Aliichukua chaji hasi yote ya atomu akaitandaza sawasawa mpaka ukingoni, kama mchuzi uliomwagwa kwenye sahani. Mtu ambaye jina lake linatajwa kuuzia utupu alifanya hesabu zake kwa atomu iliyojaa.

Basi kwa nini chembe zilipita? Kwa sababu ya chembe zenyewe. Alfa moja ina uzito unaozidi wa elektroni mara 7,000, na zile zenye kasi kubwa walizotumia zilikwenda kama kilomita 19,000 kwa sekunde, yaani Dar es Salaam hadi Kigoma kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia. Kwa kitu kizito na chenye kasi hiyo, wingu la elektroni ni kama vipepeo mbele ya lori la mizigo. Lori halikujua kama lilikutana na kitu. Ukimuuliza dereva atakwambia barabara ilikuwa tupu, na hatakuwa mwongo. Waulize vipepeo.

Utupu ni habari ya nani anapita. Tazama chandarua. Hewa inapita kama hakuna kitu, mbu anabaki nje akiimba. Hakuna mwenye akili atakayepima nafasi kati ya nyuzi, apate kwamba sehemu kubwa ni matundu, kisha amtangazie mbu kwamba chandarua ni nishati. Lakini ndivyo tunavyofanyiwa na atomu.

Vipimo vyenyewe ni vya kweli, sikatai. Kiini cha dhahabu, yaani kile kitovu, kina upana wa takriban sehemu 1 kwa 20,000 ya upana wa atomu yake. Weka punje ya mtama ya milimita 4 katikati ya uwanja wa mpira. Atomu itafika mita 40 kila upande, na ile punje peke yake itakuwa imebeba zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wote. Hesabu ya asilimia 99.9 na tisa zake inatokana na hapo: inalinganisha ujazo wa punje na ujazo wa uwanja, kisha inatangaza kwamba uwanja hauna kitu. Uwanja una elektroni 79. Hazikai pembeni zikisubiri zamu, na hakuna kona ya uwanja unayoweza kuionyesha kwa kidole ukasema hapa elektroni hazihusiki.

Mkono wako unaolala mezani sasa hivi si chembe ya alfa. Hauna kasi hiyo wala msukumo huo. Elektroni za mkono zinapozikaribia za meza zinakutana na amri iliyoelezwa na Wolfgang Pauli mwaka 1925, kwamba elektroni mbili haziwezi kushika hali moja ileile. Kuzibana pamoja kunadai nishati, na wewe ukiegemea meza kunywa chai huna nishati hiyo. Freeman Dyson na Andrew Lenard walithibitisha kihisabati mwaka 1967 kwamba amri hiyo ndiyo inayofanya vitu vikubwa visijiporomokee vyenyewe. Meza ni ngumu. Wewe pia ni mgumu. Asiyeamini atembee gizani bila viatu palipo na stuli.

Tuje kwenye elektroni "zilizotoka kwenye njia zake". Hapa kosa ni la kwetu walimu. Tunachora duara tatu kuzunguka nukta, tunaweka vitone 2, 8, 1, tunaiita sodiamu, na mtoto anakwenda nyumbani akiamini amebeba mifumo ya jua midogo midogo. Picha hiyo ilikuwa na matatizo tangu siku ya kwanza. Chaji inayozunguka hutoa mionzi na kupoteza nishati. Kwa fizikia ya wakati huo elektroni ingeporomokea kwenye kiini katika muda mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Mwaka 1913 Niels Bohr, Mdenmaki aliyepita Manchester, aliitia picha hiyo kamba: elektroni inaruhusiwa ngazi fulani tu, na kati ya ngazi hakuna pa kusimama. Hapo hapo fomula ya mistari ya mwanga wa hidrojeni, iliyotungwa na mwalimu wa Uswisi Johann Balmer mwaka 1885 bila mtu kujua sababu yake, ikapata sababu. Mwaka uliofuata James Franck na Gustav Hertz walipitisha elektroni kwenye mvuke wa zebaki, wakakuta kwamba chini ya volti 4.9 atomu za zebaki hazichukui kitu. Elektroni inadunda na nishati yake karibu yote. Ikifika 4.9, atomu inaichukua yote kwa mkupuo. Ni konda asiyepokea nusu nauli: una nauli kamili au unabaki kituoni. (Wenyewe walidhani mwanzoni kwamba wameipasua zebaki kwa kuing'oa elektroni. Maelezo ya sawa yalikuwa ya Bohr. Na wataalamu hukosea hadharani, tofauti ni kwamba baadaye husahihishana.)

Henry Moseley, akipima mionzi ya eksirei mwaka 1913 na 1914, alionyesha kwamba namba ya elementi ni hesabu halisi ya chaji ya kiini, na akaonyesha mapengo ya elementi zisizojulikana bado, kama namba 43 na 61. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Nikiandika makala ya watu ninaotamani wangeishi zaidi, nitaanza na yeye.

Kilichozika sayari kabisa ni mwaka 1927. Clinton Davisson na Lester Germer nchini Marekani walirusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli, zikatawanyika kama mawimbi ya maji yaliyopita kati ya nguzo za gati. Huko Aberdeen, George Paget Thomson alipata jambo hilohilo kwa utando mwembamba. Huyu ni mtoto wa yule J. J. Thomson. Baba alipewa Nobel mwaka 1906 baada ya kutuonyesha elektroni kuwa chembe, mwana akapewa mwaka 1937 kwa kuonyesha kuwa ni wimbi, na wote walikuwa sahihi. Tangu hapo elektroni ndani ya atomu haina njia ya kutoka. Ina wingu la uwezekano, na umbo la wingu hilo kwa sodiamu iliyo kwenye damu yako ndilo lililopo kwa sodiamu ya chumvi ya Bahari ya Hindi. Sodiamu ya mtu mwenye msongo wa mawazo haijapinda. Hakuna cha kukiweka kwenye mstari. Nembo zenye pete, ikiwemo ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ni mapambo tu, kama moyo wa kopa usivyofanana na moyo uliomo kifuani.

Nilimweleza jirani yangu sehemu ya haya, akanisikiliza kwa adabu ya mtu aliyekwisha lipa. Nikaenda nyumbani nikaleta kipimamionzi cha mkononi. Kikiwa barazani kililia mlio mmoja mmoja kama kinavyolia popote, kwa sababu mionzi kidogo ipo kila mahali. Nilipokisogeza kwenye kidani, ikawa mvua juu ya bati.

Chombo hicho kinabeba jina la Geiger, yule yule wa kwenye giza la Manchester. Alianza kukitengeneza pamoja na Rutherford mwaka 1908, wakitafuta njia ya kuhesabu alfa. Wala mvua hiyo isikushangaze. Vidani vingi vya "ayoni hasi" hutiwa unga wa madini yenye thoriamu au urani, na sababu ni nyepesi: mionzi hung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za hewa, elektroni zilizong'oka zinadakwa na oksijeni, na tayari una ayoni hasi. Alfa moja inaweza kutengeneza jozi zaidi ya laki moja kabla haijasimama. Ndiyo, jozi. Kila hasi moja inaacha chanya moja nyuma yake, na kuhusu hizo muuzaji hana tangazo. Kile kijimashine anachokutolea mfukoni kuthibitisha kwamba ayoni zipo kinapima madhara ya mionzi. Anakuonyesha ushahidi dhidi yake mwenyewe na wewe unafungua pochi.

Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilitaja bidhaa 10 za aina hii, vidani, bangili hata kitambaa cha kufunikia macho usingizini, nyingine zikiuzwa kama kinga dhidi ya 5G, zikakutwa zinatoa mionzi. Wananchi waliambiwa wasizivae tena. Thoriamu hiyo Rutherford aliifahamu vizuri. Kabla ya Manchester, akiwa Montreal, aligundua kwamba hutoa gesi yenye mionzi. Alifanya kazi nayo miaka mingi. Hakuivaa.

Je, kidani kitamuua jirani yangu? Kidani kimoja kwa wiki kadhaa, hapana, na anayekutisha hivyo naye anauza kitu. Alfa zinaishia kwenye ngozi iliyokufa. Beta na gama za mnyororo wa thoriamu ndizo zinazoingia, saa 24, mahali palepale pa kifua, mwaka baada ya mwaka, bila faida hata moja ya kuzifidia. Eksirei ya hospitali nayo ina mionzi, ila daktari anapata picha. Hapa unapata mionzi na risiti, kama risiti ilitolewa.

"Lakini alinipima," akasema. "Bila kidani aliubonyeza mkono wangu nikayumba. Nilipokivaa nikasimama imara." Mama, mara ya kwanza alibonyeza kuelekea nje, mbali na mwili wako. Mara ya pili alibonyeza akivutia kwenye mguu wako. Zaidi ya hapo ulikuwa umeshajua kitakachokuja, ukajiandaa. Nilimsimamisha nikafanya vilevile, bila kidani mara zote mbili, nikiwa nimeshika kitumbua badala yake. Kitumbua kiliponya.

Basi, kwa haraka. Ukiwa nacho, kivue. Usikisage, usikichome moto, usikitoboe, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni zile alfa hazina ngozi iliyokufa ya kuzizuia. Maji yaliyolowekwa kidani mwaga, na usimpe mtoto wala mjamzito. Kiweke kwenye mfuko uliofungwa, mfuko kwenye kopo, kopo mbali na chumba cha kulala, nawa mikono. Kwa macho huwezi kujua chenye mionzi na kile ambacho ni kioo cha kawaida kilichopakwa rangi, kwa hiyo usikisie. Tanzania wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya kuna Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia. Usikitupe jalalani na usimuuzie shemeji. Mgonjwa wa presha au sukari aliyeacha dawa kwa sababu ya kidani arudi kliniki leo, asingoje Jumatatu. Hela zidai kwa aliyekuuzia ukiwa na shahidi, ila usiziweke kwenye bajeti. Na mwanafunzi aliye na mtihani achore duara zake, 2, 8, 1, kwa kuwa msahihishaji anazihesabu.

Jirani alinikabidhi kidani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akaniuliza kama mkufu naweza kumrudishia, maana huo ni wake mwenyewe, alipewa na marehemu mumewe. Nikaupima. Ulikuwa safi.